Walinzi wamerudi, lakini nani alilinda nyumba yao?



Katika mitaa yetu kuna kazi moja isiyo na mshahara, isiyo na likizo, na mara nyingi haina hata asante. Ni kazi ya wazee wanaoitwa kuchunga nyumba ya watoto wao. Mtoto anapata safari, anapiga simu: “Mama, mje mkae kidogo, nyumba isibaki peke yake.” Wote tunajua sababu. Nyumba yenye mlango uliofungwa haimalizi mwezi. Watu wanakata nyaya za umeme, wanatoa mabati, na mwingine anakuja na karatasi akisema lupango ni lake. Basi wazazi wanafunga mizigo na kwenda.

Tunaongea sana juu ya wale wanaokwenda. Juu ya wale wanaorudi hatuongei. Kwa hiyo siku ya posho iliyopita, baada ya kusahihisha madaftari ya darasa langu, nilikwenda Katuba kuwatembelea baba na mama mmoja ambao wengi katika chama chetu wanawafahamu. Waliniomba nisitaje majina yao, na mimi ninaheshimu neno lao. Baba alifanya kazi ya reli miaka mingi mpaka akapumzishwa. Mama amekaanga mandazi mbele ya lupango lao tangu watoto wao wakiwa wadogo. Ndiyo mandazi yaliyolipa masomo ya watoto wanne.

Miezi miwili iliyokuwa saba

Mwaka uliopita, katika mwezi wa kumi, binti yao anayekaa Kolwezi aliwaita. Mume wake alikuwa mgonjwa na walipashwa kwenda Uhindi kwa matibabu. Watoto wao wawili walipelekwa kwa shangazi yao, karibu na masomo. Ilibaki nyumba, mbwa na gari moja lililoharibika. “Miezi miwili tu, Papa,” binti alisema.

Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni karibu kilometa 300, njia ya lami inayopitia Likasi. Kwa mwendo wa basi ni siku moja. Lakini mtu anayeuza mandazi kila asubuhi, akienda kilometa 300 ameacha wateja wake wote. Na mwezi wa kumi ndio mwezi ambao watu wa hapa wanatayarisha mashamba, kwa sababu mvua inakaribia. Mama aliacha jembe lake limesimama nyuma ya mlango.

Nyumba ya Kolwezi ni nzuri, mama mwenyewe anasema. Ina ukuta mrefu, maji yanafika jikoni, na umeme ukienda kuna mashine. Lakini ndani ya ukuta ule mama hakuona mtu wa kumsalimu. Baba alipewa funguo kumi na moja, na kila usiku alizihesabu kabla ya kulala. Soko lilikuwa mbali, na hawakuthubutu kutoka wote wawili kwa wakati mmoja. Siku ya Yenga mmoja alikwenda kusali, mwingine akabaki. Miaka arobaini ya ndoa, na kwa mara ya kwanza walianza kusali kila mtu peke yake.

Binti hakuwa mbaya. Alituma feza kila mwezi kwa ajili ya mzamu wa usiku, kwa ajili ya chakula cha mbwa, na kwa ajili ya umeme. Kwa ajili ya wazazi hakutuma kitu, kwa sababu alifikiri wana pensheni. Mama alinieleza hayo akicheka: “Mwalimu, mbwa alikuwa na bajeti yake. Sisi tulikula pensheni ya baba, ikaisha, tukaanza kumtazama mbwa.”

Matibabu yalichukua muda. Mwezi wa kumi na mbili ukapita, mwaka ukageuka. Mkwe alipona pole pole, na kwa hilo wote wanamshukuru Mungu. Wazee walirudi Katuba katika mwezi wa tano, mvua imekwisha na baridi imeanza kuuma.

Mlango ulipofunguliwa

Nyumba yao wenyewe walikuwa wameiacha kwa kijana wa ndugu yake baba, mwanafunzi. Kijana hakuiba kitu, hakuleta fujo. Alilala katika chumba cha mbele na kile cha nyuma hakukifungua, kwa heshima, kwa sababu ni chumba cha wazazi. Lakini upepo wa mvua za mwezi wa kwanza ulikuwa umeinua bati moja upande ule. Maji yaliingia miezi mitatu bila mtu kujua.

Godoro lilikuwa limeoza. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la mbao, na ndani yake karatasi zote za maisha yao: vyeti vya ubatizo, barua za kazi ya baba, na fishi ya lupango iliyotolewa na komine. Zilikuwa zimegeuka kitu kama bukari ya jana. Ukuta wa nyuma, ule wa matofali mabichi, ulikuwa umeanguka, na jirani mpya alikuwa ameanza kupanda matembele yake hatua mbili ndani ya mpaka.

Na kulikuwa na jambo lingine. Ofisi inayomlipa baba inaomba kila mwaka ajionyeshe, ili ijulikane kama angali hai. Siku hiyo ilipita akiwa Kolwezi, akichunga lango. Kwa hiyo pensheni ilisimamishwa. Kwa karatasi za ofisi, baba alikuwa kama marehemu.

Siku yao inavyokwenda sasa

Mtu anaweza kufikiri kwamba wakirudi kwao wazee wanapumzika. Siyo hivyo. Mama anaamka saa kumi na moja ya asubuhi kama zamani, anawasha mbabula, anakanda unga. Lakini wateja wake walishazoea kununua kwa mama mwingine pale kwenye kona, na yule mama naye ana watoto wa kulisha. Hawakugombana. Walipatana: mmoja anauza mandazi asubuhi, mwingine anauza jioni. Mama anapata nusu ya ile aliyopata zamani. Katika likelemba yao, zamu yake ilipita akiwa hayupo, sasa anapashwa kungoja wote wazunguke tena. Na kwa kuwa hawakulima mwaka huu, wananunua unga kwa meka, wakati miaka mingine gunia lao la mahindi linawafikisha mbali.

Baba anafagia lupango, kisha anatia maji katika bustani ndogo ya lengalenga ambayo mama alianzisha juma lilelile walilorudi. Maji wanachota kwa jirani mwenye kisima, bidoni mbili asubuhi na mbili jioni. Saa tatu baba anavaa koti lake na kwenda ofisini, leo kwa mambo ya pensheni, kesho komineni kwa fishi. Anarudi saa saba, anakula, anakwenda kucheza dama chini ya mwembe. Pale wenzake wanamwita “marehemu,” naye anaitika.

Usiku bado anaamka. Mama anasikia anagusa mlango, anarudi kitandani, anaamka tena. “Wana mlango mmoja na funguo mbili,” mama aliniambia, “lakini yeye anatafuta zile tisa zinazokosekana.” Mama mwenyewe alikuja na ugonjwa wa tansio. Huko hakutaka kumwacha baba peke yake kwenda kupimwa, na dawa alizotoka nazo zilipokwisha alinyamaza. Sasa anapimwa kila juma kwenye kituo cha afya cha mtaa. Inashuka kidogo.

Niliuliza ni kitu gani kiliwafurahisha zaidi waliporudi. Baba alisema: kukaa mbele ya nyumba na kila anayepita anamsalimu kwa jina. Mama alifikiri kwanza. Kisha akasema: “Kwenda kusali sisi wawili.”

Juu ya ile fishi ya lupango, mama alikuwa amefanya jambo la akili kabla ya safari. Alipiga fotokopi moja na kuiweka kwa rafiki yake wa likelemba, ndani ya bahasha iliyoshonwa kwa uzi. Fotokopi hiyo ndiyo baba anayoizungusha sasa. Shefu wa kartie ameshakuja kuona mpaka, na jirani amekubali kungoa matembele baada ya mavuno. Karatasi mpya haijatoka bado. Pensheni haijarudi bado.

Simu ya juma lililopita

Ningependa kumalizia hapo, lakini kuna jambo lililonifanya niandike. Juma lililopita binti alipiga simu tena. Mume wake anapashwa kurudi kwa daktari katika mwezi wa nane, miezi miwili tu. Baba aliitika palepale: “Tutakuja.” Mama alikuwa hapo na unga mikononi. Hakuulizwa.

Siku mbili hawakuongea. Siku ya tatu mama alimwambia: “Baba, mimi sikatai mtoto wangu. Ninakataa kuitwa na mdomo wako.” Baba alinyamaza, kisha akampa simu. Mama akaongea na binti muda mrefu. Alimweleza juu ya bati, juu ya sanduku, juu ya mbwa na bajeti yake. Binti hakuwa anajua hata moja, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Kila alipouliza, wazee walijibu kwamba yote ni mazuri, ili asihangaike mbele ya kitanda cha mgonjwa. Alilia. Kisha wakapatana: safari hii baba atakwenda na mdogo wa mkwe, kwa majuma manne tu, na mwingine atampokea. Mama atabaki Katuba na mandazi yake.

Wamama, mama huyu hakuvunja heshima ya nyumba. Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ile ya mwaka 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, imeondoa ile kanuni ya zamani ya mke kuomba ruhusa kwa mume kabla ya kutia sahihi, na inaomba wote wawili wapatane. Kama wanapashwa kupatana juu ya mikataba mikubwa, si zaidi juu ya miezi ya maisha yao? Na sheria hiyohiyo inawakumbusha watoto kwamba wazazi wenye uhitaji wana haki ya kusaidiwa.

Kabla ya kupokea funguo

Nilimwomba mama aniambie angewashauri nini wazee wengine. Haya ndiyo aliyoyahesabu kwa vidole:

Kwanza, semeni tarehe ya kurudi, na semeni nani atawapokea kama safari inarefuka.

Pili, anayewaita alipe chakula chenu na nauli ya kwenda na kurudi. Kuomba hivyo siyo haya.

Tatu, yule mnayemwachia nyumba yenu mpeni ruhusa ya kufungua vyumba vyote, hasa baada ya mvua kubwa.

Nne, karatasi zisibaki chini ya kitanda. Fungeni ndani ya plastiki, na fotokopi mwachieni mtu mwaminifu.

Tano, mwenye pensheni ajue siku ya kujionyesha. Mwenye tansio aondoke na dawa za kutosha, na afike na kujua kituo cha afya kiko wapi.

Sita, mkiulizwa habari, semeni habari.

Kama katika jamaa yenu kuna wazee waliotoka kuchunga nyumba ya mtu, juma hili piteni kuwaona. Msiulize tu safari ilikuwaje. Angalieni na bati la nyuma.