Thamani ya Godoro la Fahari

Kwa kuwa binadamu hupitisha takriban thuluthi ya umri wake usingizini, si israfu kuyatafakari malazi yake. Walakini ghali na bora si mamoja. Kampuni ya Hästens ya Uswidi, iliyoasisiwa mwaka 1852, hujaza magodoro yake singa za farasi, pamba na sufu, na bei yake wengi hawaimudu. Hata hivyo, utafiti wa Hispania uliotangazwa mwaka 2003 katika jarida la Lancet, uliowahusu watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, ulibainisha kwamba godoro la ugumu wa wastani liliwafaa kuliko gumu. Nayo sifa hiyo hupatikana hata kwa bei ya kadiri. Basi mnunuzi na alijaribu kwa kulilalia kitambo, aulize dhamana yake, ndipo alipe.