Kabla ya Kununua Pistoni Kubwa

Ombi linalofika kwenye gereji za Kitui mjini, Mwingi, Wote na Emali ni lilelile: "Fundi, niongezee nguvu." Anayelileta kwa kawaida ni mwendeshaji wa bodaboda mwenye Boxer 150 au pikipiki ya Kichina ya cc 125, na hana habari na mashindano. Kilima cha Mbooni kimemshinda akiwa na abiria na gunia la maembe, au mchanga wa mtoni umemkwamisha akiwa na mitungi sita ya maji. Fundi naye ana majibu tayari: kuchonga silinda na kutia pistoni ya ovasaizi, kusaga kichwa cha injini, kufungua eksozi, kufunga kabureta kubwa. Yote yanawezekana. Kinachoulizwa kwa nadra ni kila moja linaleta kiasi gani na linadai nini baadaye.

Tuanze na mzigo wenyewe. Silinda ya Boxer 150 ina kipenyo cha milimita 56, na pistoni yake husafiri milimita 58.8, ndiyo maana ujazo wake halisi ni cc 144.8. Kiwanda kinasema injini hiyo hutoa nguvu farasi 12 ikizunguka mara 7,500 kwa dakika. Sasa jumlisha pikipiki, mwendeshaji na mitungi sita ya lita 20: ni kama kilo 310. Kuupandisha uzito huo kwenye kilima kinachoinuka mita 10 katika kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kunahitaji farasi watatu na nusu hivi. Mchanga laini unaweza kudai wengine watatu na nusu. Jumla ni saba, na injini ina 12.

Mbona basi inazimika? Kwa sababu mwendeshaji hayuko kwenye mizunguko 7,500. Yumo kwenye gia ya tatu, injini inanguruma kwa mizunguko 3,000, na hapo hata ikivuta kwa nguvu yake ya juu kabisa haiwezi kutoa zaidi ya farasi watano na kidogo. Farasi wengine saba wapo juu huko, kwenye mizunguko ambayo mlima haumruhusu kuifikia. Huo ndio ugonjwa wa bodaboda nyingi za Ukambani, na dawa yake haimo ndani ya silinda.

Imo kwenye cheni. Sproketi ndogo ya mbele yenye meno 14 ikibadilishwa kwa yenye meno 13, gurudumu la nyuma linapata nguvu ya kuvuta zaidi kwa karibu asilimia 8 katika kila gia. Ukiacha ya mbele ilivyo na kutoa ya nyuma yenye meno 42 kuweka ya 45, unapata asilimia 7. Utakachopoteza ni mwendo wa juu kwa kiwango kama hicho, na kelele ya injini itapanda kidogo kwenye lami. Anayeshinda kwenye barabara ya Kibwezi–Mutomo–Kitui akiwa na abiria mmoja hataupenda mpango huo. Anayechota maji mto Tiva na kupanda nayo kijijini ataona tofauti siku ileile, na kazi nzima ni ya chini ya saa moja bila kugusa hata gasketi.

Jambo la pili ni hewa. Injini haili petroli peke yake. Hula hewa, na petroli ni kitoweo. Mji wa Kitui uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Mombasa. Kwenye vilima vya Mbooni, penye mita 1,800, upungufu unafika asilimia 16. Farasi 12 wa kwenye karatasi wanakuwa 10 kabla hujapakia chochote. Joto la nyuzi 35 la mchana wa Kibwezi nalo linachukua sehemu yake.

Kabureta haijui kwamba umepanda mlima. Inaendelea kumimina petroli kwa kipimo kilekile huku hewa imepungua, na mchanganyiko unazidi petroli. Fungua plagi uitazame ncha yake: ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi, ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa imezidi na joto linapanda, rangi ya kahawia hafifu ndiyo inayotakiwa. Ajabu ni kwamba mafundi wengi wakiambiwa pikipiki haivuti hutia jeti, lile tundu la kabureta linalopima petroli, kubwa zaidi. Kwa pikipiki ya milimani hilo mara nyingi ni kumwongezea maji anayezama. Jeti ndogo kwa hatua moja ingerudisha nguvu na kuokoa mafuta.

Twende sasa kwenye pistoni yenyewe. Ovasaizi huuzwa kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Ukichukua ya mwisho, silinda ya Boxer inatoka milimita 56 hadi 57, na ujazo unatoka cc 144.8 hadi cc 150 kamili. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 3.6, chini ya nusu farasi, yaani hata theluthi ya kilichochukuliwa na mwinuko wa Mbooni hujakirudisha. Anayetoka gereji na ovasaizi na kuapa kwamba pikipiki imekuwa mpya hadanganyi, ila sababu anaikosea. Kilichorudi ni kompresheni: ringi mpya na silinda iliyonyooka vimeziba pengo lililokuwa likivujisha moto. Pistoni ya saizi ya 0.25 ingempa raha hiyohiyo na kumwachia nyama ya silinda ya kuchongwa tena miaka ijayo.

Kwa pikipiki za Kichina hesabu ni tofauti kidogo. Nyingi ni wajukuu wa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 ikiwa imeundwa makusudi kwa nchi ambazo pikipiki hufanya kazi sana na kuhudumiwa mara chache. Silinda yake ni milimita 56.5 kwa 49.5, yaani cc 124. Zipo silinda za milimita 62 zinazoipandisha hadi cc 149, na hapo nyongeza ni ya kweli, asilimia 20 ya ujazo. Lakini mara nyingi mdomo wa krenkesi hulazimika kukatwa ili sleve pana iingie, pistoni ni nzito kuliko ile ambayo krenki ilisawazishwa nayo, na klachi inabeba mzigo ambao haikutengenezewa. Kazi hiyo ikifanywa kwenye mashine ya lathe na mtu anayepima kwa maikromita, nitaikubali. Ikifanywa kwa tupa chini ya mwembe, hapana.

Kusaga kichwa ili kupandisha kompresheni ni hatari zaidi ya vile watu wanavyodhani. Injini ya cc 144.8 yenye uwiano wa 9.5 kwa 1 ikipunguzwa nusu milimita kwenye kichwa inapanda hadi kama 10.2 kwa 1. Faida ni asilimia 2 hivi. Gharama inategemea petroli, na petroli ya chupa inayouzwa kando ya njia vijijini hakuna anayeidhamini. Uchanganyaji wa mafuta ya taa ulizidi hadi serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua biashara hiyo. Tone la mafuta ya taa ndani ya petroli hushusha uwezo wake wa kuvumilia kompresheni: inalipuka kabla ya wakati wake, unasikia kama kokoto zinagonga ndani ya bati, na baada ya muda pistoni inaweza kutoboka katikati.

Eksozi nitaipitia haraka. Kutoboa silensa huongeza kelele nyingi na nguvu kiduchu, na bila kurekebisha jeti, mchanganyiko hukosa petroli na valvu ya kutolea moshi huungua. Nchi ina kanuni za kelele tangu 2009, na wagonjwa wa hospitali iliyo karibu na steji wanazihitaji.

Sasa kitu ambacho kinaua injini nyingi za Kitui na Makueni kuliko milima yote. Miamba ya huku ni ya kale, imejaa kwatzi, na ikisagika ndiyo inayotoa mchanga wa mito ya Thwake, Athi na Tiva. Makueni iliutungia mchanga wa mito yake sheria mwaka 2015 ili malori yasiumalize. Vumbi la miamba hiyo ni gumu kuliko chuma cha silinda. Bado utakuta vijana wametoa kichujio cha hewa, ile eakilina, kwa sababu pikipiki "inapumua vizuri" bila hicho. Kwa siku chache ni kweli inavuta kidogo zaidi. Kisha vumbi linasaga ringi, moshi wa buluu unaanza, oili inapungua, na mwenye pikipiki anarudi kwa fundi kuomba nguvu.

Unaweza kujipima mwenyewe. Vua mpira unaounganisha kichujio na kabureta, pitisha kitambaa cheupe ndani yake. Kikitoka chekundu, vumbi linapita, ama kichujio kimechanika au kibanio cha mpira kimelegea. Halafu mwambie fundi apime kompresheni kwa geji, kisha atie kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena. Kipimo kikipanda sana, ringi zimekwisha. Kikiwa chini na kubaki palepale, tatizo mara nyingi ni valvu, na huenda tapeti zimebana tu, kazi ya kurekebisha bila kufungua silinda.

Kuna suala la kusimama pia. Boxer nyingi za kazi zina breki za drum mbele na nyuma. Ukitoka kilomita 60 kwa saa hadi 80, nishati ambayo breki zinapaswa kuizima inapanda kwa karibu asilimia 80, na hakuna aliyekuja gereji kuomba aongezewe breki. Cc zikibadilika, kilichoandikwa kwenye logbook hakilingani tena na injini, na kampuni ya bima haihitaji kisingizio kizuri zaidi ya hicho siku ya ajali.

Kwa hiyo ukienda gereji wiki hii, peleka fedha zako kwa utaratibu huu: kichujio kipya, kupima kompresheni, tapeti, jeti inayolingana na mwinuko unakofanyia kazi, na sproketi inayolingana na mzigo. Ikiwa baada ya hayo yote kilima bado kinakushinda, punguza mtungi mmoja au nunua pikipiki ya cc kubwa zaidi. Pistoni ya ovasaizi ni ya kutengeneza silinda iliyochakaa.