"Safi" ya Dalali

Kitengela na Kajiado nimewasikia madalali wakinadi viwanja: "Safi kabisa!" Safi ya nini? Tunalo neno rehani, tulilolipata kwa Waarabu. Lakini kisichowekwa rehani hakina neno lake, twakanusha tu. (Kukomboa ni kwa kilichokwisha kuwekwa.) Aya ya 283 ya Surat al-Baqara yataja rehani iliyokabidhiwa: mkufu ukiwa kwa mkopeshaji, shingo ya mwenyewe i tupu, kila mtu aona. Ardhi je? Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama na kipande chake. Hati yaweza kulala benki, naye mwenyewe angali akichunga ng'ombe palepale! Mnunuzi ataona nini? Namwambia aisome rejista ya ardhi, sehemu ya tatu, zinamoandikwa rehani.