Mtoto Huiga Hata Kufikiri

Wamo katika madarasa yetu watoto ambao mwalimu hajamaliza kuuliza, wao wamekwishajibu. Mara nyingi jibu huwa si sahihi, na malipo yake huwa karipio au bakora. Sisi tunaona kwamba watoto hao hawakukosa akili. Walichokosa ni mazoea ya kutaamali kabla ya kutenda, na mazoea hayo hufundishika.

Katika miaka ya 1960, mtaalamu wa Kimarekani Jerome Kagan aliwapa watoto picha moja pamoja na nyingine sita zinazokaribia kufanana nayo, wachague ile iliyo sawa nayo kabisa. Wenye pupa walijibu upesi wakakosea. Wenye subira walilinganisha kwanza. Mwaka 1971, Donald Meichenbaum na Joseph Goodman walieleza jinsi walivyowaonyesha watoto wenye pupa mtu mzima akifanya kazi za namna hiyo huku akisema kwa sauti yale anayoyafikiri: akijiuliza ametakiwa nini, akijihimiza aende polepole, akijisahihisha. Waliotazama tu walipunguza haraka. Lakini makosa yalipungua kwa wale waliofundishwa pia kujisemea maneno hayo wenyewe, kwanza kwa sauti, kisha kwa mnong'ono, hatimaye moyoni.

Kwetu visiwani, kijana akaaye kando ya bao barazani humwona mzee amezuia mkono, anahesabu kete kwa macho kabla ya kucheza. Lakini mzee huhesabu kimya. Kijana huuona mkono, asiyaone mawazo. Ndivyo alivyo pia mwalimu aandikaye jibu ubaoni bila ya kuonyesha njia aliyolifikia.

Kwa hiyo tunawanasihi wakuu wa elimu, Unguja na Pemba, walitilie mkazo jambo hili katika mafunzo ya walimu: mwalimu afikiri kwa sauti mbele ya wanafunzi, ajirekebishe wakimwona, kisha awape zamu yao. Halihitaji majengo mapya wala vifaa vya kuagizwa ng'ambo.

Nasi watu wazima tujitazame. Mzazi apigaye kabla ya kuuliza, na ofisa akataye shauri kabla ya kusikiliza, nao ni walimu wa pupa. Darasa lao halina likizo, na watoto wetu wamo ndani yake kila siku.