Mwalo mzima kwenye fremu moja: kwa nini kamera za panorama bado zinapendwa

Mwalo wa kisiwa cha uvuvi ni mahali pagumu kupiga picha kuliko watu wanavyodhani. Chukua Goziba, kisiwa cha wilaya ya Muleba ndani ya Ziwa Victoria. Pale maisha yamejipanga kwa ulalo: mitumbwi imepandishwa mchangani, dagaa wameanikwa, nyuma yao kuna mabanda ya mbao na mabati, halafu juu ni anga tupu. Ukitoa simu yako na kurudi nyuma ili upate kila kitu, watu wanakuwa kama siafu na nusu ya picha ni mawingu. Ukisogea karibu unapata uso wa mama anayegeuza dagaa, ila mnunuzi aliyesimama hatua nne pembeni yake na ndoo zake amekatwa. Na mara nyingi stori yenyewe iko katikati ya hao wawili.

Ndiyo maana wapiga picha za mtaani wana mapenzi ya ajabu na kamera za panorama zinazotumia mkanda wa filamu. Ni kamera za zamani, nyingi hazitengenezwi tena, lakini bado zinatafutwa. Mwigizaji Jeff Bridges wa Marekani amepiga picha za nyuma ya pazia la sinema zake kwa miaka mingi kwa kutumia Widelux ya Japani. Josef Koudelka, mzaliwa wa Czech, ameifanya panorama kuwa kazi kubwa ya sehemu ya pili ya maisha yake. Sasa wanaona nini humo ambacho simu haikipati?

Tuanze na swali ambalo kila mtu huuliza: kwa nini usipige picha ya kawaida halafu ukakata juu na chini? Unaweza. Lakini fanya hesabu. Fremu ya kawaida ya mkanda wa milimita 35 ni milimita 24 kwa 36. Kamera ya Hasselblad XPan, iliyotoka mwaka 1998 kwa ushirikiano na Fujifilm, inatumia mkanda uleule lakini fremu yake ni milimita 24 kwa 65. Ukikata picha ya kawaida ipate umbo hilohilo unabaki na kipande cha takriban milimita 13 kwa 36. Eneo la XPan ni zaidi ya mara 3 ya hilo. Yaani ukikuza picha iwe ya ukutani, huyu anaonekana kope za macho, yule anaonekana uji.

XPan inachukua upana wote kwa mkupuo mmoja. Shata inafunguka, inafunga, basi. Mtu anayekimbia na mtu aliyekaa wamenaswa kwenye sekunde ileile. Ila fizikia haikopeshi. Kwa lenzi yake ya milimita 45, upana huo ni kama nyuzi 72, na mwanga unaofika pembeni unatua kwa mshazari. Kwa hesabu ya kawaida ya lenzi sahili, pembeni kabisa hufika takriban asilimia 43 tu ya mwanga unaofika katikati, ndiyo maana kulikuwa na kichujio maalumu cha kupunguza mwanga wa katikati ili vilingane. Vilevile vichwa vya watu walioko pembeni vinavutika, karibu robo zaidi kwa upana. Kama una shemeji anayejali sura yake, usimweke pembeni.

Je, ukitaka nyuzi 120, karibu upana wa mwalo wote ukiwa umesimama katikati yake? Kwa filamu iliyonyooka na lenzi ya milimita 28 ungehitaji fremu yenye urefu wa milimita 97, na pembeni kungekuwa giza na vichwa virefu kama mapapai. Waliotengeneza Horizon 202 ya Urusi walipita njia nyingine: filamu imepindwa kama nusu ya kopo, na lenzi inazunguka ikiwa na mwanya mwembamba nyuma yake, ikipaka mwanga kwenye filamu kama brashi. Zidisha 28 kwa nyuzi 120 zikiwa katika radiani (takriban 2.094) unapata milimita 58.6. Fremu ya Horizon ni milimita 58. Hesabu imekubali! Na kwa kuwa lenzi inamgeukia kila mtu uso kwa uso, hakuna kichwa kinachovutika.

Gharama yake ni muda. Upande wa kushoto wa picha na wa kulia havikupigwa wakati mmoja. Kijana akitembea kuelekea upande ule lenzi inakoelekea, mwanya unamfuata na yeye ananenepa. Akija kinyume, anakonda. Mistari iliyonyooka nayo inapinda, na hapo ziwa halina huruma: ukiinamisha kamera chini kidogo, upeo wa maji unaota kibyongo, ukiinua juu, ziwa linakuwa bakuli. Horizon ina pimamaji inayoonekana ndani ya kitazamio, kama ile ya fundi mwashi, na siyo pambo.

Panorama ya simu pia inafagia, lakini inaunganisha vipande vingi kwa programu, na kwenye mwalo wenye pilikapilika utapata mbwa mwenye miguu sita. Kwa mandhari tupu inatosha kabisa. Kwa watu, mimi ningechukua XPan kama ningekuwa na hela zake, ambazo sina.

Kuna jambo moja ambalo wapenzi wa kamera hizi hawalisemi sana. Ukiwa na upana huo, mtu aliyeko pembeni hajui kama yumo. Anaona lenzi inaelekea kwingine. Kwenye mialo ya Ziwa Victoria hilo si dogo: kuna doria za uvuvi haramu, na mwenye nyavu zake hapendi mgeni mwenye kamera, hata kama nyavu ni halali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, kusalimia upande mmoja tu wa fremu ni udhaifu. Pita kwanza kushoto hadi kulia, salimia, eleza unachofanya, ndipo urudi katikati. Utapoteza ile picha ya kushtukiza. Mimi naona ni sawa, kwa sababu wakishakuzoea wanarudi kwenye kazi zao na mizani inaendelea kubishaniwa kama kawaida.

Kwa anayefikiria kwenda nayo kisiwani: Horizon haihitaji betri kabisa. XPan inahitaji, na mkanda wa picha 36 unatoa 21 tu. Lakini ina akili moja nzuri. Ukishaweka mkanda inauvuta wote nje kwanza, kisha inaurudisha kwenye kopo lake fremu moja moja kila unapopiga. Kifuniko kikifunguka kwa bahati mbaya ndani ya boti, zinazoungua ni zile ambazo hujapiga bado.