Kilimo Hai na Nyanya ya Kisongo

Chakula cha kilimo hai ni kile kilichokuzwa bila mbolea ya viwandani, bila viuatilifu vya kemikali za kutengenezwa na bila mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Shamba hurutubishwa kwa samadi na mboji, mazao hupandwa kwa mzunguko, na wadudu hufukuzwa kwa mwarobaini, pilipili au kitunguu swaumu. Tangu mwaka 2007 Afrika Mashariki ina kiwango kimoja cha mazao haya, na alama yake ni Kilimohai.

Kisongo, magharibi mwa jiji la Arusha, mvua ni haba, lakini samadi ipo tele kwenye maboma ya wafugaji. Udongo ulioshiba samadi hushika maji kwa muda mrefu, na kwenye ukame hiyo peke yake ni faida kubwa. Sharti iwe imeiva: samadi mbichi huunguza miche, tena inaweza kuacha vimelea vya kuharisha kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa.

Mtihani mkubwa ni nyanya. Kantangaze, nondo mdogo aliyetoka Amerika Kusini, hutaga mayai kwenye jani. Kiwavi akianguliwa hujichimbia ndani, akala nyama ya jani na kuacha ngozi mbili nyembamba kama karatasi. Dawa inayopuliziwa juu haimfikii kirahisi. Mkulima aliyekata tamaa huchanganya dawa mbili tatu kwenye bomba moja, akapiga bila glovu wala barakoa, kisha akavuna kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kwisha. Kwa hiyo anayenufaika kwanza na kilimo hai ni mpiga dawa mwenyewe, kabla ya mlaji, na jambo hili husahaulika mno.

Kwa mlaji, faida ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitia tafiti zaidi ya 200. Hawakupata ushahidi wa nguvu kwamba chakula hiki kina virutubisho zaidi, ila mabaki ya viuatilifu yalikuwa machache. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2014 ulikuta kwenye chakula cha kilimo hai kadimiamu, metali yenye sumu, ikiwa pungufu na antioksidanti zikiwa nyingi zaidi. Mjadala haujaisha.

Gharama za kilimo hai ziko wazi. Mavuno hupungua, kwa wastani karibu asilimia 20, palizi huongezeka, na cheti cha kuuza nje hudai miaka miwili au mitatu ya mpito. Wala kilimo hai si sawa na kilimo bila dawa: dawa za shaba dhidi ya bakajani huruhusiwa kwa kiasi, na shaba hujilimbikiza udongoni.

Asiyemudu bei ya kilimo hai asiache mboga. Amuulize muuzaji zilipigwa dawa lini, kisha azioshe vizuri kwa maji yanayotiririka: kuosha hupunguza mabaki yaliyo juu ya ganda, lakini hakugusi yaliyokwisha kuingia ndani.