Tanga ya 1922 na Wauguzi Wetu Wanaoondoka (Sehemu ya Nne)

Tangu Shirika la Afya Duniani litoe ripoti yake ya hali ya uuguzi, Siku ya Wauguzi, Mei 2025, wasomaji wa mfululizo huu wamekuwa wakiniuliza swali moja. Ripoti inasema dunia ina wauguzi milioni 29.8 na bado ina pengo la milioni 5.8. Inasema pia kwamba katika nchi tajiri, wauguzi 23 katika kila 100 wamezaliwa nchi nyingine. Kama wenye fedha wamekwishazoea kujaza wodi zao kwa watoto wa wengine, sisi wa Tanga, Muheza na Pangani tutawazuia wetu kwa kitu gani?

Katika sehemu tatu zilizopita nilieleza wanakokwenda, wanaowaita na njia wanazopitia. Sitayarudia hayo. Leo nataka kuwatazama wale waliobaki na kuuliza kilichowabakiza, kwa sababu naamini jibu liko huko. Na jibu hilo sitaanza kulitafuta Geneva. Nitaanza hapa hapa Tanga, mwaka 1922.

Wanaonifahamu wanajua kwamba jina la Martin Kayamba halinitoki mdomoni. Nimelitaja mbele ya wanafunzi, kwenye mabaraza na misibani, na nitaendelea kulitaja mpaka vijana wa mji huu wamjue. Kayamba alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, nasaba yake ikitoka Bonde, na alisomeshwa Kiungani na wamisionari wa UMCA, wale wale walioanzisha kituo cha Magila. Alipohitimu alifanya kile ambacho wataalamu vijana wanafanya leo: alihama. Alifanya kazi Kenya, akaenda Uganda, akarudi Unguja. Alikuwa na elimu, anajua Kiingereza, na popote palipokuwa na ofisi palikuwa na kiti chake. Vita vya 1914 vilipoanza alikuwa katika eneo lililotawaliwa na Wajerumani, nao wakamfunga kwa kuwa alikuwa raia wa himaya ya Uingereza. Vita vilipoupa mgongo mwambao wetu, akaingia kazi ya serikali Tanga.

Hapa Tanga ndipo kuhama kwake kulipopoa. Alipanda kutoka karani hadi karani mkuu wa ofisi ya wilaya. Mwaka 1922 yeye na wenzake walianzisha Chama cha Watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika, miaka saba kabla ya African Association kuanzishwa Dar es Salaam na miaka 32 kabla ya TANU. Chama hicho kiliwakalisha pamoja Wakristo wa Kiungani na Waislamu waliosoma katika skuli ya serikali ya Tanga, ile iliyofunguliwa na Wajerumani miaka ya 1890. Kilikuwa na mahali pa kukutana, pa kusoma magazeti na pa kuzungumza. Juu ya yote, kilikuwa na sauti mbele ya serikali. Mtumishi aliyeonewa alijua pa kupeleka neno lake. Mwaka 1931 Kayamba alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Karani wa Tanga alisikilizwa huko. Kisha akarudi kazini.

Mhariri wangu hupenda kuniuliza karani anahusiana nini na nesi. Anahusiana sana. Kayamba na wenzake walikuwa wataalamu adimu katika nchi maskini, wenye ujuzi unaotakiwa na jirani, wanaolipwa chini ya wageni waliofanya kazi ileile. Hiyo ndiyo hali ya muuguzi wa Hospitali ya Bombo, hapa Tanga, leo. Hakuna aliyewahubiria uzalendo ili wabaki. Walipata ngazi ya kupanda, heshima ya kazi, wenzao wa kuongea nao, na mahali pa kulalamika bila kuadhibiwa. Utumishi wa kikoloni ulikuwa na dhuluma nyingi ambazo sitazitetea, lakini mtu aliyeanza chini aliiona ngazi ya juu yake.

Sasa nije kwenye tiba yenyewe. Wazee wetu wanamkumbuka dresa. Kuanzia 1926, Dk. J. O. Shircore, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba ya Tanganyika, aliwatoa vijana vijijini, wakafunzwa kwa muda mfupi katika hospitali za serikali, wakarudishwa kwao kuendesha zahanati ndogo zilizolipiwa na hazina za wenyeji. Dresa aliosha vidonda, alitoa dawa chache alizokuwa nazo, na aliyemshinda alimpeleka hospitali. Mafunzo yake yalikuwa haba na dawa zake haba zaidi. Lakini dresa hakuondoka. Shamba lake lilikuwa pale, mkewe alikuwa wa pale, na aliyemtibu leo alikutana naye kesho msikitini au gulioni.

Mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa kuwabakiza watumishi wa afya vijijini, ushauri wake wa mwanzo kabisa ulikuwa kuwapokea vyuoni vijana wanaotoka vijijini. Walifika walipofika dresa wetu miaka 84 kabla yao. Najiuliza kwa nini chuo kilichopo mkoa huu kisitenge nafasi kwa mtoto wa Kilindi, wa Mkinga, wa ng'ambo ya mto Pangani, kwa makubaliano na halmashauri yake kwamba atarudi kwao na atakuta ajira inamsubiri. Ajira, narudia. Ahadi ya kurudi bila ajira ni kumfunga mtu kamba asipokuwa na pa kwenda.

Baada ya uhuru tulibuni kitu bora kuliko dresa. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba tulipokea nchi yenye madaktari 12 tu. Chuo cha tiba cha Dar es Salaam kilianza 1963, na mwaka huohuo yakaanza mafunzo ya madaktari wasaidizi. Tabibu aliyekwishafanya kazi miaka kadhaa wilayani alirudishwa darasani, akafundishwa pamoja na mengine kupasua, kisha akarudi wilayani. Hao ndio waliowafanyia mama zetu upasuaji wa uzazi katika hospitali nyingi za wilaya. Utafiti uliofanywa Mwanza na Kigoma, ukachapishwa 2009, ulionyesha kwamba wao ndio waliofanya sehemu kubwa mno ya upasuaji mkubwa wa uzazi huko, na matokeo yao hayakutofautiana na ya madaktari kamili.

Na cheti chao hakikutambuliwa London wala Gaborone. Wapo waliosema kwamba hiyo ndiyo siri ya kubaki kwao. Mimi naona sababu kubwa zaidi ni kwamba kada ile ilikuwa ngazi. Tabibu wa Bumbuli alijua kwamba akifanya kazi vizuri kuna darasa linamngoja, na darasa hilo litamrudisha kwenye kazi anayoijua akiwa na mikono yenye uwezo zaidi. Baadaye mafunzo hayo yalisitishwa, ikaonekana ni maendeleo. Nilipinga usitishaji huo nikiwa mtu mdogo asiyesikilizwa, na bado naupinga. Tumeiondoa ngazi ya katikati, kisha tunashangaa watu hawapandi.

Kuna kitu kingine kinachobakiza watu, nacho ni kazi yenye maana na vifaa vya kuifanyia. Mkoa huu una ushahidi wake. Amani, kule Usambara Mashariki, Wajerumani walijenga kituo cha utafiti mwaka 1902, na baada ya Vita Vikuu vya Pili kikawa makao ya utafiti wa malaria ya Afrika Mashariki chini ya Dk. Bagster Wilson. Kutoka huko uliendeshwa ule mradi wa Pare na Taveta wa miaka ya 1950, wa kupuliza dawa majumbani dhidi ya mbu. Kazi hiyo ilirithiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ilipofika miaka ya 2000, watoto wenye malaria kali waliolazwa Hospitali Teule ya Muheza walikuwa miongoni mwa watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika waliolinganishwa katika jaribio la artesuneti na kwinini. Matokeo yalitoka 2010: katika kila watoto 100 waliopewa kwinini walikufa karibu 11, na kwa artesuneti hawakufika tisa. Matibabu ya malaria kali kwa watoto yakabadilika duniani. Muuguzi wa Muheza aliyechoma sindano zile alishiriki katika jambo ambalo profesa wa Ulaya alilisoma akiwa amekaa. Mtu wa namna hiyo haulizi mapema njia ya uwanja wa ndege.

Linganisha na hili. Katika zahanati moja ya mkoa huu, ambayo sitaitaja jina, niliona ratiba ya zamu imebandikwa ukutani kwa gundi. Ilikuwa imepigwa mistari vizuri kwa rula: asubuhi, jioni, usiku, Jumatatu hadi Jumapili. Ndani ya kila kisanduku kulikuwa na jina lilelile moja. Mwenye jina hilo alikuwa nesi mkunga. Aliniambia huijaza kila mwezi kwa sababu wakaguzi wakija huitaka. Nyuma ya zahanati kulikuwa na nyumba ya mtumishi iliyoishia kwenye linta. Alipanga chumba kwa mwanakijiji, umbali wa kutosha kumfanya aogope kuitwa usiku. Malimbikizo yake ya kupanda daraja hayajalipwa. Mwanasiasa akisimama jukwaani kusema wauguzi hawana uzalendo, namwomba kwanza akaisome ratiba ile.

Nisieleweke kwamba kosa ni la serikali peke yake. Wapo wenzetu wa afya wanaomwandikia mgonjwa dawa ambayo wodi imeishiwa, lakini duka la dawa la mwandikaji, nje ya geti, halijaishiwa. Hao hawajavuka mpaka, na bado wameondoka kazini. Nimewaambia uso kwa uso na nawaambia tena hapa: hiyo ni haramu.

Mambo ya sasa yanahitaji maneno machache tu, kwa sababu yanajulikana. Miaka ya 1990 masharti ya marekebisho ya uchumi yalisimamisha ajira mpya serikalini, na pengo lile halijawahi kuzibwa kisawasawa. Machi 2017, Kenya ikiwa imetoka kwenye mgomo wa madaktari wa siku 100, Rais Magufuli alikubali kupeleka madaktari 500 huko. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani kupinga, wakisema wao wenyewe wana wenzao wasio na kazi. Mpango ulipokwama, Rais aliamuru 258 waliokuwa wameomba waajiriwe hapa nchini. Fikiri maana yake. Tulikuwa na madaktari waliokwishafuzu, wako nyumbani, na zahanati zikiwa na ratiba za jina moja. Uhaba wetu haukuwa wa watu. Ulikuwa wa nafasi za kuwaajiri, na hali hiyo ipo hadi leo kwa vijana wanaojitolea wodini miaka na miaka wakisubiri tangazo la ajira.

Watu hunitajia Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya 2010 juu ya kuajiri watumishi wa afya kutoka nchi nyingine, na ile orodha ya 2023 ya nchi 55 zenye uhaba, Tanzania ikiwemo. Ni kweli kwamba Uingereza haitakiwi kuja hapa kuwatafuta wauguzi wetu. Lakini kanuni hiyo ni ya hiari, na haimzuii muuguzi kuomba kazi mwenyewe. Isitoshe, serikali zikikubaliana zinaweza kufungua njia, kama Kenya ilivyofanya na Uingereza mwaka 2021. Hesabu maarufu inayosema karibu nusu ya madaktari waliozaliwa Tanzania walikuwa wakifanya kazi nje mwanzoni mwa karne hii nayo inahitaji uangalifu. Inahesabu mahali pa kuzaliwa, kwa hiyo inawachukua pia walioondoka wakiwa watoto na kusomea udaktari hukohuko.

Kwa hiyo ukuta wa mpakani hautatusaidia. Naziomba halmashauri zote 11 za mkoa wa Tanga jambo moja, na nalitaka kabla ya bajeti ijayo. Kila halmashauri ibandike hadharani, mlangoni mwa ofisi yake, orodha ya zahanati zake zote: watumishi wangapi wapo, wangapi wanatakiwa, nyumba ya mtumishi ipo au imeishia kwenye linta, malimbikizo ya nani hayajalipwa na tangu lini. Wasomaji wa Korogwe, Lushoto, Handeni na kwingineko, mwulizeni diwani wenu orodha hiyo iko wapi. Mkiipata, nileteeni nakala.

Itaendelea wiki ijayo.